Kilio cha Digidigi

Hapo zamani za kale, wanangu, sogeeni maana sauti yangu imechoka, wanyama walikuwa na ghala. Mtama wake ni wa wazee na vilema wasio na kitu, ndivyo Mfalme alivyoamuru, na ufunguo akampa Kiboko.

Basi Digidigi alikuwa na kitoto mgongoni na mama mkwe ndani. Mama mkwe miguu ilikufa tangu aliponaswa na mtego, nyumbani hamna punje, maziwa nayo yanakauka, na kila kitoto kikifyonza bila kumeza, moyo wa Digidigi di! di! di! Akifa mmoja, si atafuata wa pili?

Akaenda ghalani.

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Mama mkwe wangu hawezi kutembea, nimemfuatia mtama wake."

"Aje mwenyewe," akasema Kiboko huku anatafuna. "Nitajuaje kama yupo?"

"Hawezi kutembea, mzee!"

"Basi hayupo."

Kesho yake akamlaza mama mkwe juu ya mkeka, akamburuta, kwaruu, kwaruu, jua utosini, kitoto kinalia. Kufika, Nyati, karani wa Kiboko, akaangua kicheko.

"Huyu si amefika! Kilema gani anafika?"

"Nimemburuta mimi!"

"Ala! Kumbe ana mkamwana mwenye nguvu. Mwenye wa kumburuta si maskini. Haya, mwingine!"

Njiani mama mkwe akasema, "Mwanangu, niache hapa. Nendeni wawili."

"Mama, nyamaza, nitakuuma!"

Mama mkwe akacheka, Digidigi akalia, wakaendelea, kwaruu, kwaruu.

Asubuhi Digidigi akawaza: mgonjwa huku haendewi na mtu, lakini msibani haendi nani? Hata Kiboko huja na gunia, maana asiyezika wenzake atazikwa na nani?

"Mama, jifunike gubigubi. Usikohoe."

"Unanizika?"

"Nakulilia tu."

Akasimama mlangoni. "Uuuwiii! Mama yangu weee!"

Kilio hakiulizwi, kinakimbiliwa. Tifu! tifu! tifu! Kiboko huyo na gunia la mtama begani, Nyati na mzigo wa kuni, nyuma yao mbuga nzima.

"Pole, binti," Kiboko akasema, machozi yanamchuruzika. "Maskini mama wa watu, hata kutembea alikuwa hawezi!"

"Kumbe ulijua, mzee?"

"Nani asiyejua! Na njaa hii! Tazameni chungu, buibui wamejenga!"

Shuka likafunuka.

"Ahsante, mwanangu Kiboko," akasema mama mkwe. "Umenishuhudia vizuri."

Nyati akatoka mbio, puu! na mlango shingoni. Kiboko akalikumbatia gunia lake.

"Ulisema amekufa!"

"Sikusema kitu, mzee. Nililia. Na mtama usipoletwa hapa nyumbani, nitalia tena."

Mbuga nzima ikamkodolea Kiboko macho: tangu lini chakula cha msibani kikarudishwa? Na mdomo wake si umekwisha sema yote? Akaliachia gunia, tii! akaondoka kichwa chini, na tangu siku ile mtama wa mama mkwe ukawa unaletwa mlangoni.

Digidigi hata kucheka hakuweza. Alikaa chini, akakivuta kinu, akaanza kutwanga.

Mjulie hali mwenzio angali hai, wanangu, maana mtama wa matanga haumshibishi maiti.