Ua la Milembe na Mama Watatu

Sogeeni, na mwenye karanga agawe, maana hadithi hii bila kutafuna kitu mtalia mapema.

Walikuwapo wanawake watatu. Nyamizi alikuwa na vidole vinavyoutambua mche ulio hai na uliokufa. Kabula alikuwa na mabega: akijitwika ndoo, kilima kizima hapumziki. Shija yeye alikuwa na mdomo. Hapo simsengenyi mtu, kijiji chote kinajua.

Wote watatu walimpenda Milembe. Nyamizi alimzaa. Kabula alikuwa wifi yake, tena wifi asiye na choyo, jambo ambalo mimi sijaliona mara ya pili. Shija alikuwa jirani yake.

Milembe alifuga nyuki nyuma ya nyumba. Mvua zikikolea, miti ya porini huwa imemaliza maua, na nyuki huhama kwa njaa. Basi akachimba porini ua moja la manjano, akalipanda uwanjani. Kiangazi ua hilo hukauka hadi chini, ungesema limekufa. Mvua zikirudi huchipua kwenye mzizi uleule, na nyuki wake hawaondoki.

Alipougua akajua haponi, akamwita mumewe, Mihayo.

"Baba Wande, wewe maisha yako ni kambini porini, kurina asali. Mwanangu Wande hata kutambaa hajajua. Mpe yule atakayelifanya ua langu lichanue tena. Anayeweza kuungojea mzizi mkavu, mtoto hatamshinda."

Mihayo akaapa, na wale watatu wanasikia.

Milembe akafa kiangazi kikianza. Kwetu, siku ya kuanua matanga, uwanja hupaliliwa na kufagiliwa mpaka uwe mweupe. Mihayo akashika jembe, machozi yamemziba macho. Akalima kila kitu, na mzizi wa ua la mkewe ndani yake, akatupa jalalani, akaenda kambini bila kujua alichofanya.

Nyamizi aliuona mzizi takataka zikiwa zimeshawashwa. Akatia mkono motoni, akaungua, akautoa. Akaukwangua kwa ukucha, akaulamba.

"Una maji bado. Mwanangu nimeshamzika. Huu siuziki mimi." Akaurudisha palepale ulipong'olewa.

Kabula aliupa maji. Kisima kilipokauka, akayafuata bonde la mbali. Nyanya zake mwenyewe zikateketea. Mumewe akamcheka: "Mke wangu, unamwagilia kuni?"

"Kuni hizi zina mtoto," akajibu. Kabula hajajaliwa kuzaa, na midomo ya watu mnaijua.

Mvua zikaja, chipukizi likatoka, na mbuzi wa kijiji kizima nao wakaja. Shija akaweka kigoda pale, Wande kifuani mwake, maana ndiye aliyemnyonyesha pamoja na wa kwake. Kutwa anatukana mbuzi. Masele, mwenye beberu mmoja, akaja juu: "Shija, unamtukana mbuzi wangu au mimi?"

"Chagua mwenyewe, nyote mna ndevu."

Hakuna mbuzi aliyerudi, na Masele pia hakurudi.

Ua likachanua. Nyuki wakajaa mpaka uwanja ukawa unavuma. Mihayo akarudi kutoka kambini, akaliona, akapiga magoti, akamwita mkewe kwa jina. Nyumba nzima ikalia upya kama siku ya msiba.

Sasa Nyamizi anarudi kwao Ipole, na hana mtoto mwingine duniani. Kabula na mumewe wanahamia Urambo. Shija haendi popote, maziwa yake yanamchuruzika kila Wande akilia.

"Nisingetia mkono motoni, lingekuwa majivu," anasema Nyamizi.

"Nisingelinywesha, lingekuwa kuni kweli," anasema Kabula.

Shija, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hana la kusema. Analia tu.

Wande, ambaye sasa anasimama dede, amelishika shina la ua, anawatazama. "Mama," anasema. Wote watatu wameitika.

Gari la Urambo linapiga honi barabarani. Mihayo amemwinua mtoto, na mikono sita imenyooshwa mbele yake.

Haya, nyinyi mliomaliza karanga zangu: ingekuwa wewe ndiye Mihayo, ungemweka Wande mikononi mwa nani? Na wale wawili wengine ungewatazama vipi usoni?