Jina Moja katika Wimbo wa Bi Riziki

Sogeeni karibu. Nina kesi iliyonishinda kuikata, huenda ninyi mkaiweza.

Katika redio moja ndogo huko Tanga walikuwapo mafundi watatu wa kompyuta, marafiki wa kula sinia moja. Mwajabu alijaliwa kuona mbali. Chande alijaliwa shaka. Hakuamini kitu mpaka kiwe na pacha wake. Hiza alijaliwa mkono mgumu. Kwake hakikutumika kitu ovyo.

Redio ilikuwa na seva mbili, kompyuta kubwa zilizobeba kazi zote za redio. Ndani ya kila seva mlikaa kompyuta pepe kadhaa, kompyuta zisizo na umbo la kushikika, zikigawana nguvu za seva iliyozibeba. Moja ya hizo ilitunza nyimbo za Bi Riziki, bingwa wa taarabu wa zamani. Kanda zake zilikwisha kuoza. Siku ya kunakiliwa zilikatikakatika. Nakala ile ndiyo pekee iliyobaki.

Wakati wa kupanga mitambo, Mwajabu alikataa nyimbo zikae ndani ya seva. Akaziweka kwenye ghala la diski lililo nje ya seva hizo, akapanga seva zote mbili zilione. "Moja ikifa," alisema, "nyingine itaamsha yote."

Chande akapanga kila seva ifike ghalani kwa njia mbili, kila njia na waya wake na swichi yake, kisanduku cha kuunganishia nyaya. Wenzake wakamcheka: "Wewe kila kitu pea, kama viatu!"

Hiza akatenga sehemu ya ghala isiguswe ila kwa dharura. Mwajabu alimbembeleza ampe kidogo ya kuwekea vipindi. "Hata ulie, dada," Hiza akamjibu.

Adhuhuri moja radi ikapiga mlingoti. Seva ya kwanza ikaungua. Kompyuta pepe zake zikaamka kwenye seva ya pili, kwa kuwa ghala lilikuwa la seva zote mbili. Zikiwa bado zinaandika ghalani kumbukumbu za kuamka kwao, swichi moja iliyobabuliwa na radi ile ile ikazimika. Kazi ikapita njia ya pili bila kukatika. Zikaandika mpaka ghala likakaribia kujaa pomoni. Lingejaa kabisa, uandishi ungekatika katikati na nyimbo zingeharibika. Hiza akafungua akiba yake.

Bi Riziki akaletwa asikilize. Aliposikia sauti yake ya ujana, alilia. Kisha akasema, "Wanangu, kifua changu kimebakiwa na wimbo mmoja. Nitautia jina la aliyeniokoa. Jina moja tu! Wimbo wenye majina matatu ni mahudhurio ya shule."

Tangu siku hiyo kila mmoja alikula peke yake.

"Bila mimi mngekuwa mnazoa majivu," Mwajabu alisema.

"Ghala usiloweza kulifikia lina faida gani?" Chande akamrukia.

"Na mkifika mkakuta limejaa?" Hiza akauliza.

Siku moja Hiza alimkuta bibi yule akijaribu vina taratibu: "Mwajabu... ajabu... linakaa vizuri hili." Moyo ukamwaka. Akambamizia bibi mlango, yeye aliyelelewa kwa adabu. Chande, aliposikia habari hiyo, akaenda kwa meneja wa redio kumwambia kwamba wazo la ghala Mwajabu alilichukua kwake yeye Chande. Haikuwa kweli. Mwajabu alipojua, aliacha kuitikia salamu zao. Na usiku wa kuamkia siku ya wimbo, Chande alimwambia mkewe neno ambalo mwenyewe lilimtisha: "Heri zile nyimbo zingeteketea, kuliko aimbwe Mwajabu."

Siku ikafika. Wapigaji walikwisha kulinganisha fidla na ganuni. Mafundi wale walisimama nyuma ya kioo cha studio, hakuna aliyemtazama mwenziwe. Bi Riziki alikuwa amemwachia meneja, Bwana Shekue, kuchagua jina. Taa nyekundu ikawaka. Bibi akainama akamnong'oneza, "Haya mwanangu, nimwimbe nani?"

Bwana Shekue akawageukia wale watatu nyuma ya kioo.

Sasa ninyi mnaonisikiliza, kiti chake ni chenu, na wapigaji wameshaanza. Mngemtajia bibi jina gani?