Miche Sita kwa Kila Tuta

Paukwa!
Pakawa!
Mwenye kunde mdomoni?
Ameze, asikilize!

Hapo kale Kindi alikuwa na watoto wanne wenye njaa, na kunde kuukuu zilizotobolewa na wadudu. Bonde lenye unyevu lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa la Ngiri, mwenye nguvu nyingi na tumbo lisiloshiba.

Kindi akazitia kunde zake majini, chubwi! Nusu zikazama, nusu zikaelea. Zilizoelea zilikuwa zimekufa. Angeweza kuzitenga. Hakuzitenga! Alizianika, akazichanganya, akaenda kwa Ngiri.

"Shikamoo, mjomba. Naomba kulima bondeni kwako."

"Marahaba. Panda tuta moja kwanza, nione."

Kindi akapanda mbegu kumi. Mvua ikanyesha, chururu! Miche ikachomoza, chomo, chomo, chomo, ikafika tisa. Kindi mwenyewe alishangaa, ila alifunga mdomo.

Ngiri macho yakamtoka. "Tisa! Kila tuta tisa!"

"Basi, mjomba, tupande matuta mengine ishirini. Mimi mnyonge, nihakikishie miche sita tu kwa kila tuta. Tutahesabu shamba zima kwa pamoja: ikizidi, yako. Ikipungua, nijazie kwa viazi vyako, kiazi kwa mche."

Ngiri akacheka, kho kho kho! Tayari aliona mitatu mitatu ya bure. "Nimekubali, na atakayegeuka ale udongo!"

Wakapanda. Chimba, fukia. Chimba, fukia. Mvua ikanyesha, chururu! Tuta hili likaota miche saba.

"Si nilisema!" akanguruma Ngiri.

Lile likaota mitatu. "Bahati mbaya tu," akasema Ngiri. Jingine mitano. Jingine minne.

Kindi hakuwa na wasiwasi. Tuta moja laweza kudanganya, lakini shamba zima husema kweli. Mbegu kumi, nusu hai: tegemea mitano. Hili likizidi, lile litapungua.

Wakahesabu shamba zima. Miche tisini na minane! Kindi alikuwa anadai mia na ishirini.

"Miche yote yangu, mjomba, na viazi ishirini na viwili."

"Umenichezea!"

"Mimi? Nani alisema kila tuta tisa? Au utakula udongo?"

Ngiri akafukua viazi vyake mwenyewe, fuku, fuku, machozi yakimlengalenga. Watoto wa Kindi wakala, wakabeua.

Ngano imefika ukingoni. Mwenye njaa akapike, mwenye usingizi alale. Na funzo lake, wanangu: hesabu haina faida. Mkiona tuta moja limeota tisa, ahidini shamba zima papo hapo. Kisha njooni kwangu, mimi nina kunde za kuwauzia.