Balozi Kiboko na Mkataba wa Utani

Haya, nyie mliojazana hapo, sogeeni karibu. Paukwa!

— Pakawa!

— Palikuwa na njia!

— Tupite!

— Njia ikafika kivukoni!

— Tuvuke!

— Katikati ya kivuko kalala Kiboko!

— Lo! Mwondoe!

Nitamwondoa, msinisukume. Mjue kwanza alifikaje pale, maana hakuzaliwa pale. Aliletwa.

Kiboko huyu alikuwa Balozi. Mfalme wake aliishi ng'ambo ya maji makubwa, akamtuma atazame mambo matatu tu. Makabila yametulia? Biashara inakwenda? Njia ni salama? Akampa kofia ngumu, kiti cha kukunja, darubini ya shaba, na Korongo wa kupeleka habari. Askari hakumpa hata mmoja. Nguvu zote za Kiboko zilikuwa habari zake: akisema kuna fujo, Mfalme analeta majeshi. Kila mnyama alilijua hilo, na kila mnyama alimwogopa.

Basi kila asubuhi Kiboko alitoka majini, chubwii! Akakaa kitini, kiti kikalia ng'wee! Akaweka darubini jichoni, mara nyingi upande usio wake, akasema, "Korongo! Kamwambie Mfalme: makabila yanachemka. Biashara imedorora. Njia si salama."

"Umeona nini, Bwana?" Korongo akauliza.

"Nimeona vumbi. Nenda!"

Korongo akaruka, puru puru puru. Mpumbavu gani angesema mambo ni shwari? Mambo yakiwa shwari, Balozi wa nini?

Sasa, juu ya majabali aliishi Bi Pimbi. Mnamjua pimbi: mfupi, mnene kidogo, mkia hana, lakini ulimi anao. Bi Pimbi alikuwa mjane, na kazi yake ilikuwa chumvi. Kiangazi chote alikwangua udongo wa magadi, akauchuja, akauchemsha, moshi ukamtoa machozi, hadi akajaza chumvi kanda moja, ule mfuko mrefu wa ukindu. Kanda hilo alilivusha mto, akabadilishana na wakulima wa ng'ambo, akarudi na mtama. Mtama huo ndio uliowalisha watoto wake hadi mvua. Hakuwa na ghala lingine wala mjomba wa kumkimbilia.

Na akina Pimbi wa majabalini walikuwa watani wa akina Ngiri wa bondeni. Zamani sana walipigana vita vibaya. Walipochoka kuzikana wakapatana: tangu leo, hakuna damu, ni matusi tu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kuingia kwako akabeba chungu kikiwa bado motoni. Wewe ucheke. Ukikasirika, unalipa faini, na watu wote wanakucheka. Ndiyo amani yao hiyo, na ilidumu.

Mwaka huo akafa Mzee Ngiri. Siku ya maziko, Bi Pimbi alikuwa njiani kuelekea kivukoni na kanda lake, akapitia msibani kama impasavyo mtani. Akaruka kaburini, tii! Akalala chali.

"Sitoki!" akapiga kelele. "Huyu mzee mchoyo mnamzika wapi na meno yale? Atafukua kuzimu kote, wafu wakose pa kulala! Nilipeni kwanza!"

Mjane wa marehemu, Bi Ngiri, alikuwa hajala wala hajasema neno tangu mumewe akate roho. Aliposikia hayo, akacheka hadi akakaa chini, na katika kucheka ndipo machozi yakapata njia. Akina Pimbi wengine wakapanda paa, wakanyakua masufuria, wakamwaga maji. Akina Ngiri wakawafukuza kwa mafagio. Yalikuwa maziko mazuri sana.

Lakini kule kivukoni, Balozi alikuwa na darubini jichoni, na siku hiyo aliishika upande wake.

"Naona wamepanda mapaa! Naona wanapora! Naona wametupa mtu shimoni! Korongo, kamwambie Mfalme: makabila yamelipuka! Biashara imekufa! Njia si salama!"

Korongo akaruka, puru puru puru. Kiboko akafunga njia. Akatangaza kwamba mizigo yote iliyo njiani iwekwe bomani kwake, eti kwa usalama wa wenye mizigo. Wachuuzi wakaogopa majeshi ya Mfalme, wakatii. Asali ikaingia bomani. Tumbaku ikaingia bomani. Na kanda la Bi Pimbi likaingia bomani.

Wakangoja njia ifunguliwe, wakangoja hadi wakachoka. Bi Pimbi akaenda kuuliza. Akamkuta Balozi amelikumbatia kanda lake, analamba. Lapu, lapu, lapu!

"Shikamoo, Bwana Balozi."

"Marahaba. Usikaribie, njia si salama."

"Nimefuata chumvi yangu, Bwana. Watoto hawana mtama."

"Chumvi yako nailinda."

"Mbona unailamba?"

"Nachunguza hali ya biashara," Kiboko akasema. Lapu! "Ni kazi ngumu. Nyie hamwezi kuielewa."

Bi Pimbi akarudi zake majabalini. Alikuwa na hasira hadi masikio yalimwasha. Kiangazi chote cha moshi kinaishia kwenye ulimi wa jitu lisilojua hata kuchemsha maji! Akawapikia watoto majani, wakayatazama, wakamtazama yeye. Hakulia. Alikaa akafikiri, na alipomaliza kufikiri akatabasamu, na pimbi akitabasamu, jamani, funga mlango.

Asubuhi akateremka kwa Bi Ngiri, wakanong'onezana, wakagongana mabega kwa kicheko. Kisha akaenda moja kwa moja kivukoni.

"Shikamoo, Bwana Balozi. Pole kwa kazi."

"Marahaba. Unataka nini tena?"

"Mimi? Sitaki kitu. Nilisikia tu kwamba Balozi Mamba, yule wa mto wa chini, amepata mkataba mwingine na makabila."

Kiboko akaacha kulamba. "Mwingine?"

"Wanasema Mfalme wake amempa nishani. Nasi huku tuna mkataba wetu mkubwa, wa makabila yote, lakini nani atautaka? Balozi mwenyewe ana shughuli nyingi."

"Mkataba gani? Sema haraka, wewe!"

"Mkataba wetu wa amani, Bwana. Una maneno machache. La kwanza: cha kwetu ni chako."

"Nimekubali!"

"Subiri, Bwana. La pili: chako ni chetu. La tatu: anayekasirika analipa."

"Cha kwenu ni changu," Kiboko akasema, macho yakimng'aa. "Asali yenu, chumvi yenu, mabonde yenu. Nimekubali, nimesema!"

"Umesikia la pili na la tatu?"

"Nimesikia la kwanza. Mabalozi husoma la kwanza tu."

Mnacheka nini? Aliambiwa mchana kweupe, tena mara mbili. Makabila yakaitwa, akina Ngiri, akina Pimbi, na wachuuzi wote. Wakampaka Kiboko majivu usoni, kama wanavyofanya watu wanapoingia utani, naye akadhani ni heshima ya kifalme. Akakanyaga matope kwa mguu wake, pwaa! Hiyo ikawa sahihi yake. Korongo alikuwa pembeni, anaona yote, anasikia yote.

"Korongo! Kamwambie Mfalme: makabila yametulia. Biashara imestawi. Njia ni salama. Na mali yote ya nchi hii sasa ni yetu, kwa mkataba!"

Korongo akaruka, puru puru puru, akapotea mawinguni.

Hata hajapotea vizuri, Bi Ngiri akatangulia bomani, kidedea, mkia juu.

"Eti huyu ndiye mtani wetu mpya? Jamani, huyu aliumbwa kwa matope yaliyobaki! Mdomo kama mlango wa zizi! Pisha, wewe, nichukue asali yangu."

Kiboko akafura. "Wezi! Waasi! Rudisheni!"

"Umekasirika, mtani?" Bi Pimbi akauliza.

"Nimekasirika sana!"

"Amekasirika!" wote wakapiga kelele. "Alipe!"

Wakachukua kiti chake. Wachuuzi wakaingia, wakabeba tumbaku yao, wakamwimbia jinsi miguu yake ilivyo mifupi. Kiboko akanguruma.

"Umekasirika, mtani?"

"Nimekasirika!"

"Amekasirika! Alipe!"

Wakachukua kofia. Wakachukua na darubini. Mwishowe Kiboko akapanua kinywa chote, haaa! akamwinamia Bi Pimbi. Bi Pimbi aliliona koo lote hadi ndani, na watoto wake walikuwa juu majabalini peke yao. Lakini miguu yake haikusogea.

"Niume," akasema. "Korongo akirudi atakuta mkataba umevunjwa, na nyayo zako zimo matopeni. Mfalme wako atauliza nani alivunja. Utamwambia nini? Kwamba wewe mwenyewe, siku ile ile uliyompelekea habari za amani, ulimla pimbi?"

Kinywa kikabaki wazi. Inzi wakaingia, wakatoka. Kisha kikafungwa taratibu, kop! Bi Pimbi akapita chini ya kidevu chake, akalivuta kanda lake nje. Nusu ilikuwa imelambwa, na nusu hiyo hakuipata tena, hapana balozi aliyewahi kutapika alichokula. Lakini nusu iliyobaki ilikuwa yake.

Baadaye Korongo akarudi. Akatua, akanyoosha shingo.

"Mfalme anasema: vizuri sana, Balozi. Mahali penye amani hapahitaji balozi, basi kazi yako imekwisha. Na kwa kuwa mali yote ya nchi hiyo ni yetu, Mfalme ameandaa maghala. Ilete mwenyewe, upesi."

Kiboko akatazama boma. Boma tupu. Akatazama chini, akaona tumbo lake tu. Akamwita Bi Pimbi kando, akashusha sauti.

"Mama. Mama yangu mpenzi. Nifanyie fujo kidogo."

"Fujo, Bwana?"

"Vita kidogo tu. Wapanda mapaa wawili. Hata jiwe moja! Nipate cha kumwambia Mfalme kwamba mali imeporwa vitani."

"Loo, mtani," Bi Pimbi akasema, "pole sana. Hivi sasa makabila yametulia mno."

"Mkorofi mkubwa wewe! Mfupi usiye na mkia!"

"Umekasirika?"

Kiboko akafumba mdomo, lakini kila mtu alikuwa amesikia. "Amekasirika! Alipe!"

"Sina kitu!" akalia. "Mmechukua vyote!"

"Una mgongo," akasema Bi Pimbi.

Akamtwika kanda lake, akapanda juu yake, akakaa. Wachuuzi nao wakapandisha mizigo yao. Kiboko, Balozi wa Mfalme, akaingia majini kimya kimya na kuwavusha, na Korongo akaangalia, na Korongo akaruka kwenda kusema alichokiona. Ng'ambo ya pili wakulima walikuwa wamengoja chumvi hadi chakula kikawa chapwa midomoni mwao. Jioni hiyo watoto wa Bi Pimbi walikula ugali wa mtama, wakashiba, wakalala kabla hajamaliza kuwaimbia.

Kiboko hakurudi kwao. Yuko mtoni hadi leo, masikio tu na pua, na akisikia mbawa, chubwii! anazama.

Basi watoto, funzo la ngano hii ni hili: waheshimuni mabalozi, maana wanahangaika sana kwa ajili ya usalama wenu. Msimtanie mgeni. Na mkabidhiwapo mkataba, someni neno la kwanza tu, muda ni mali.

Ngano yangu imevuka, miguu imelowa. Aliyelala kabakia kivukoni, na ada ya kuvushwa anadaiwa na Kiboko.