Msitu Ulio Ndani ya Jabali

Jamani, ngano ninayo. "Tupe tuisikie!" Niitoe yote? "Yote, usibakize!"

Hapo kale, kale ya kale, palikuwa na mchonga mawe jina lake Makiwa. Kwa mawe ya kusagia nafaka, hakuna aliyemfikia. Aliyapata katika jabali lililosimama wazi juu ya korongo, tabaka juu ya tabaka, jekundu, jeusi, la kijivu.

Siku moja mfalme akataka ukuta wa kuzunguka jumba lake. Akamwamuru Makiwa aongoze vibarua waliporomoshe jabali lote. Akikataa, ahame nchi.

Makiwa akatangulia kwenda kupima. Alipoinua nyundo, pimbi akachungulia kwenye ufa, akasema, "Bi Makiwa, pasua taratibu."

Akagonga mara ya kwanza, jiwe likalia ti. Mara ya pili, ti. Mara ya tatu likafunguka pande mbili, na ndani mna jani. Halikuchorwa na mtu. Lilikuwa na mshipa wake wa kati na vishipa vyote, vyembamba kama nywele. Makiwa akalipapasa. Miaka yote ile amechonga, wala hakuwahi kutazama.

"Ni la mti gani?" akauliza.

"Mti wa hapa hapa," pimbi akajibu, "kabla ya babu zako na babu zangu. Majani yaliangukia matopeni, matope yakawa jiwe. Msitu mzima umelala humu."

Makiwa akajitwika lile jiwe, akaenda nalo kwa mfalme. Akamweleza kwamba nyundo yake haitaligusa tena jabali lile, hata akifukuzwa.

Mfalme akaligeuza jiwe, akaligeuza, akaligeuza. Mwishowe akauliza, "Na wewe utakula nini?"

"Nitafuata mawe ng'ambo ya mto, bwana wangu. Ni mwendo wa siku nzima. Lakini yale ni mawe tu."

Mfalme akaenda kujionea. Alipofika akavua viatu. Kisha akapiga marufuku: nyundo isilie pale, jani lisitolewe, mtu aje na macho yake tu.

Ukuta ukajengwa kwa udongo, ukasombwa na mvua za masika ya tatu. Jabali bado lipo, na Makiwa alizeeka akivuka mto, hakujuta.

Funzo: kabla hujavunja, tazama. Mimi mwenyewe nilikwenda kutazama, na wakati wa kutoka walinzi wakanikagua hadi masikio. Ngano yangu nimeitua hapa. Mwenye mabega aibebe.