Bakuli la Jirani

Haya, sogeeni, na atakayesinzia asije kuniuliza mwisho!

Paliondokea mjane, Bi Mize, fukara asiye na hata chumvi ndani. Jirani yake, jini kizee, akamletea uji katika bakuli la udongo. Nanyi mwajua, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Bi Mize akaunywa uji, akaona haya, akalificha bakuli uvunguni. Kulipokucha, akakuta mabakuli matatu.

Jini akapiga hodi. "Bi Mize, naomba bakuli langu."

"Subiri, mwenzangu, nipate cha kutia."

Kesho yake mabakuli yakajaa chumba. Jini akapiga hodi tena, akajibiwa yaleyale. Siku ya tatu yakafika darini, yakaziba mlango, yakambana Bi Mize kifua.

Hodi ikapigwa kwa mkono dhaifu.

"Lichukue hata likiwa tupu!" Bi Mize akalia. "Sukuma mlango!"

Jini akasukuma, mlango usitikisike.

"Ningelipokea tupu tangu siku ile," akasema kwa unyonge. "Nilikuwa na hilo moja tu, ndilo nililokuwa nikiombea chakula. Leo siku ya tatu sijatia kitu kinywani."

Hodi ya nne haikupigwa. Nami ngano yangu imekomea hapohapo mlangoni.