Majani Yako, Maji Yetu

Zamani za kale sana, wanangu, kwenye pwani moja ya mawe na ukungu, aliishi Mama Pimbi na watoto wake. Pimbi ni mnyama mdogo, unaweza kumbeba kwapani. Lakini bahari ikipwa, hakuna aliyeruka mawe kama yeye: ruk! ruk! kikapu mgongoni, kisu mkononi, anakata mwani. Alikata majani tu. Vishina aliviacha vichipue tena.

Mwaka mmoja mvua ikakataa, nyasi zikakauka. Bwana Nyati akashuka pwani, puu! puu! puu!

"Kuanzia leo mwani wote ni wangu!" akanguruma. "Nyinyi wadogo mtauchuma, mtaupika, mtaniletea!"

Wanyama wakainamisha vichwa. Lakini Mama Pimbi akapanda juu ya jiwe, akamtazama usoni.

"Na wanangu wale nini?"

"Wanywe maji mliyopikia!" Nyati akacheka. "Majani yangu, maji yenu. Naapa kwa pembe zangu!"

"Jamani, mmesikia?" Mama Pimbi akawauliza wanyama.

"Tumesikia!" wakaitika wenzake.

Mama Pimbi akashuka majini. Akaupita mwani mpana, akachuma ule mwekundu mfupi, wenye ncha zilizogawanyika kama vidole. Tabia yake aliijua. Akauchemsha polepole, tokota, tokota, mpaka ukayeyuka karibu wote. Akachuja, akamimina maji kwenye mabakuli, akayaweka barazani kwenye baridi. Makapi akampelekea Nyati.

"Ptuu! Matambara gani haya?"

"Ndiyo majani yako, Bwana."

Nyati akamfuata hadi barazani. Lo! Watoto wanakula kitu kinachotikisika kama faluda, nyap, nyap.

"Hayo si maji!"

"Ulipotugawia yalikuwa maji. Sisi tumeyaacha yapoe tu, yakaganda."

"Yalete hapa!"

Mama Pimbi akasimama mbele ya mabakuli. Hakurudi nyuma.

"Njoo uyachukue, wote waone kiapo cha pembe zako kina thamani gani."

Wanyama wakasogea, wote macho kwa Nyati. Nyati akameza hasira.

"Basi nabadilisha! Kesho maji yangu, majani yenu!"

"Kwa pembe?"

"Kwa pembe!"

Kesho yake Mama Pimbi akakata ule mwani mpana, mnene, usioyeyuka. Akauchovya kidogo kwenye maji ya bahari yanayochemka, ukageuka kijani kibichi, akautoa. Watoto wakatafuna, kru, kru, kru. Sufuria ya maji akampa Nyati.

Nyati akangoja yagande. Akangoja, akangoja.

"We Pimbi! Mbona hayagandi?"

"Labda yanakuogopa, Bwana."

Kwa njaa akayagugumia, gudu, gudu, gudu. Chumvi tupu! Ulimi ukamtoka nje, tumbo likalia ngurr!

"Nabadilisha tena!"

"Badilisha!" akasema Mama Pimbi. "Mwani uko wa namna nyingi, na wote naujua. Wewe unaujua upi?"

Nyati akatazama mawe: mwekundu, wa kahawia, wa kijani. Kwake wote ulikuwa uchafu uleule. Wanyama wakaangua kicheko, kwa! kwa! kwa! Akageuka, akapanda kilima mbio kutafuta maji baridi, na pwani ile hakuikanyaga tena.

Basi wanangu, nguvu zilimwezesha Nyati kunyang'anya, lakini hakujua hata anachonyang'anya.